Vidonge Juu ya Ungo

Wanawake wawili walichanganya dawa za waume zao kwenye ungo mmoja, mchana kweupe, mlango wa jiko ukiwa wazi. Mpita njia yeyote angeweza kuwaona, na wapita njia wawili waliwaona kweli, wakasalimu, wakaendelea na safari yao. Wanawake wenyewe hawakuwa na cha kuficha. Kwa mawazo yao walikuwa wakitenda haki.

Mmoja alikuwa Klara, mke wa Tobia, mwenye miaka sabini na mmoja. Mwenzake alikuwa Amina, mke wa Abdallah, mdogo kwake kwa miaka mitano hivi. Nyumba zao zilitazamana, na katikati palikuwa na kishamba cha njegere ambacho kila mmoja aliamini ni cha mwenzake, kwa hiyo kila msimu kilipaliliwa mara mbili. Kitongoji chao kiko juu ya Bumbuli, mahali ambapo mwezi wa saba nguo hukaa kambani siku tatu bila kukauka.

Waume zao walifanya kazi pamoja kwenye kiwanda cha chai kwa miaka ishirini na tisa. Tobia alikuwa kwenye sakafu ya kuchachushia, pale majani yaliyosagwa yanapotandazwa mpaka yaache ukijani na kuwa mekundu kama shaba. Abdallah alikuwa kwenye draya, mashine ya moto inayoyakausha. Kazi ya Tobia ilikuwa kunusa na kusema, "Sasa." Kazi ya Abdallah ilikuwa kupokea. Tobia akikosea dakika kumi tu, chai ya siku nzima inaharibika. Watu walisema wale wawili wamefunga ndoa ya pili huko kiwandani, na wake zao hawakubisha.

Uzee nao uliwajia pamoja. Tobia alichukua ndoo asubuhi moja akaenda kuchota maji kwenye bomba ambalo lilishang'olewa miaka kumi na miwili nyuma, akasimama hapo akingoja foleni isogee. Kijana mmoja wa bodaboda alimkuta. Hakumwambia kwamba amepotea. Alimwambia, "Babu, naogopa mbwa wa pale juu, naomba unisindikize mpaka kwako," na Tobia akamsindikiza mpaka mlangoni, akaagana naye kama mgeni. Klara aliona yote kutoka jikoni, na hakusahau namna kijana yule alivyofanya.

Abdallah yeye alisali adhuhuri mara tatu siku moja. Amina alipomwambia, alisema afadhali kuzidisha kuliko kupunguza. Walicheka siku hiyo. Baadaye akawa anaitafuta baraghashia huku ameivaa, kisha akaanza kumwita Amina kwa jina la mama yake, na kicheko kikaisha.

Mwaka jana, mwezi wa pili, gari jeupe la watu wa utafiti lilianza kupanda kitongojini. Walikuwa wakitafuta wazee wanaoanza kusahau, na walikuwa wamekodi vyumba mjini Lushoto kwa kazi hiyo. Nesi wao aliitwa Loveness, binti wa milimani, ambaye aliwaamkia wote shikamoo mmoja mmoja, hata waliokuwa wamelala, na akangoja marahaba ya kila mmoja. Akaketi kwenye kigoda chini yao, akawaeleza.

"Ndani ya ubongo kuna walinzi," alisema. "Kazi yao ni kupigana na vijidudu na kuzoa taka. Mtu akiwa kijana, mlinzi akimaliza kazi hupumzika. Uzeeni wengine hawapumziki. Wanaendelea kutoa kitu kinaitwa kimeng'enya, na hicho kinawasha moto, kama joto la kidonda kilichovimba. Moto ukiwa kidogo unasaidia. Ukizidi unaunguza hata visivyo na kosa. Sasa kuna kidonge kipya. Tunataka kujua kama kikikizuia hicho kimeng'enya, kusahau kutapungua."

Tobia, ambaye walidhani hasikilizi, aliinua kichwa.

"Majani ya chai ukishayasaga," akasema, "kuna kitu ndani yake kinaanza kazi chenyewe. Hakiombi ruhusa. Kisipopelekwa kwenye moto wa draya kikomeshwe, chai inachacha."

"Babu, hicho nacho ni kimeng'enya," alisema Loveness. "Ni ndugu wa hiki."

"Basi kichwa changu kimechelewa kupelekwa kwa Abdallah."

"Ungesema mapema," Abdallah akajibu. "Ningekuanika."

Loveness alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akawaambia jambo la pili, na hilo ndilo lililoleta yote. Nusu ya wazee watapewa dawa yenyewe. Nusu watapewa kidonge kinachofanana nayo kwa kila hali lakini ndani hakina kitu, ni kama chaki. Yeye nesi hatajua nani anapata kipi. Hata daktari hatajua, ila kompyuta peke yake. Ndivyo watakavyoweza kujua, baada ya mwaka, kama ni dawa iliyosaidia au ni matumaini ya watu.

Wazee walikubali. Klara na Amina walitia sahihi kama watunzaji. Kila mzee akapewa chupa yenye namba yake, vidonge sitini vya manjano mpauko, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Gari likaondoka.

Amina alivuka kishamba cha njegere Jumamosi iliyofuata, chupa mkononi.

"Mama Shukrani," alisema, kwa maana Shukrani ndiye mtoto wa kwanza wa Klara, "mimi nimelala na hili neno siku tatu. Ina maana mmoja wetu anaweza kuwa amepewa mifupa mitupu."

Klara alimwelewa mara moja. Katika kitongoji kile, nyama ya sikukuu hainunuliwi kwa kilo. Kaya kumi na mbili hushirikiana ng'ombe mmoja, Krismasi kwa Idi. Anayechinja ni Mwislamu, ili kila mtu aweze kula. Kisha nyama hupangwa mafungu kumi na mawili juu ya majani ya mgomba. Maini hukatwa vipande kumi na viwili hata kama kila kipande kitakuwa kama kucha. Mifupa nayo hugawanywa hivyo hivyo. Halafu mtu mmoja hugeuka kutazama kando, mwingine huweka fimbo juu ya fungu na kuuliza, "Hili la nani?" na yule asiyeona hutaja jina. Hapo hakuna wa kulalamika. Hakuna mtu aliyewahi kupeleka nyumbani fungu la mifupa mitupu, na kama ingetokea, wote kumi na mmoja wangeona aibu.

"Nesi alisema kila mzee ale cha kwenye chupa yake," Klara alisema.

"Na watakula cha kwenye chupa zao. Sisi tunazijaza tu kwa haki."

Klara alifikiri, akaona ni kweli. Akaleta ungo, wakamimina vidonge mia moja na ishirini, akavichanganya kwa kiganja kama anayechambua mchele. Akafanya mafungu mawili. Amina akageuka kutazama ukuta wenye masizi.

"Hili la nani?"

"La Tobia."

"Na hili?"

"Tumwombee huyo aliyebaki," alisema Amina, na wote wawili wakacheka.

Walifanya hivyo kila mwezi gari lilipoleta chupa mpya. Loveness alipohesabu vidonge vilivyosalia, hesabu ilitimia. Alipouliza kama mzee anameza kila siku, walisema anameza. Hawakudanganya katika lolote waliloulizwa.

Mwezi wa nne wa dawa, Tobia alimwita Klara kutoka uani na kumuuliza kwa nini maharage yamepandwa karibu karibu kiasi kile. Alisema kweli, yalikuwa yamebanana. Klara aliyang'oa mengine. Wiki iliyofuata Tobia alikwenda chooni peke yake na akarudi peke yake. Kanisani alisimama kwenye wimbo kabla ya wengine kusimama, akaimba beti zote nne bila kitabu. Si kwamba alikuwa amepona. Bado aliweza kuuliza swali moja mara tatu. Lakini mara ya tatu alisimama katikati na kusema, "Nimeshauliza, eti?" Klara akajibu kwamba ndiyo, ameshauliza, akageukia moto akauchochea ingawa ulikuwa unawaka vizuri.

Abdallah naye alipata nafuu kidogo. Alirudi kumwita Amina kwa jina lake.

Kisha, mwezi wa Agosti, macho ya Abdallah yakawa ya manjano.

Yalianza pembeni, Amina akadhani ni moshi. Baadaye viganja. Akawa anajikuna usiku na mchana, chakula hakitaki, mkojo mweusi. Gari la utafiti lilimchukua siku ileile, na Loveness alimfunika shuka lake mwenyewe njiani kwa sababu mzee alikuwa anatetemeka. Walimtoa damu. Ini lilikuwa na hali mbaya.

Amina alirudi naye Jumapili alasiri, akamlaza, kisha akaenda moja kwa moja kwa Klara, mkoba ukiwa bado begani. Klara alimpa uji. Akangoja anywe kwanza.

"Daktari Zuberi, yule wa utafiti, amepiga simu huko mbali," Amina alisema. "Ameomba wafungue siri ya chupa ya Abdallah, waone ni dawa au ni chaki. Kwa sababu ya ugonjwa, wamekubali."

"Wakasema?"

"Ni chaki. Tangu chupa ya kwanza, amepewa chaki tupu. Kwa hiyo daktari anasema dawa yao haihusiki. Anasema labda ni mawe kwenye njia ya nyongo, au kuna uvimbe. Alhamisi anapelekwa hospitali kubwa, wamwingize mpira wa kuangalia ndani. Wasipoona, watampasua."

Nje Tobia alikuwa akizungumza na kuku.

"Chaki haigeuzi macho ya mtu kuwa manjano," Amina alisema.

"Haigeuzi."

"Kwa hiyo ile dawa ilitoka kwenye chupa ya Tobia. Yote."

"Yote," Klara alisema.

Amina alifungua pindo la kanga yake. Ndani alikuwa amefunga ile chupa ya Abdallah, kwa fundo dogo zuri, kama mtu anavyofunga kitu cha kwenda kumpa mwenzake. Akaiweka juu ya kinu.

"Nusu ya hizi ni za Tobia. Nimekurudishia. Abdallah hamezi tena tangu Ijumaa. Kama ndizo zilizomdhuru, atapona polepole."

"Na daktari umemwambia nini?"

"Sijamwambia. Wala simwambii, Mama Shukrani. Nikisema, watanyang'anya za Tobia pia. Wale watu wana sheria zao. Mzee wako juzi ameniuliza mjukuu wangu amefaulu mtihani au vipi. Miaka mitatu hajaniuliza. Hilo mimi nikamnyang'anye?"

"Watampasua Abdallah, Amina. Ana miaka sabini na saba."

"Wanaweza wasimpasue."

"Na wakimpasua?"

Amina aliinua kikombe cha uji, akakuta kimekwisha, akakitua. "Kazi yangu nimeimaliza," alisema, akaondoka kwenda kumgeuza mume wake kitandani.

Jumatatu Klara alilima. Alifahamu vizuri kilichokuwa mbele yake, halikuwa jambo la kuzungushwa. Akinyamaza, Tobia atapata dawa kamili kwa miezi iliyobaki, si nusu, na nani anajua angefika wapi. Akisema, Tobia atarudi kwenye bomba lisilokuwepo. Upande wa pili kulikuwa na tumbo la Abdallah na kisu cha watu wasiojua wanatafuta nini. Na kulikuwa na watu wengine ambao hakuwa amewafikiria mpaka jembe lilipogonga jiwe akasimama kupumzika. Kwenye benchi la kule Lushoto, walikopeleka wazee kila mwezi wakapimwe, alikaa na mama mmoja wa Mponde, Scholastica, aliyekuja na dada yake asiyejua tena kuvaa viatu. Siku ya mvua Scholastica alimgawia Klara nusu ya shali yake, wakajifunika wote wawili kama vifaranga. Labda dada yule anameza dawa yenyewe. Labda ini lake nalo limeanza, na daktari anasema dawa haihusiki, kwa sababu karatasi ya Abdallah inamwambia hivyo.

Jumanne asubuhi alikaa na Tobia barazani wakimenya maharage. Jua lilikuwa limetoka. Aliona kwamba kichwa ni cha mwenyewe, ni haki aulizwe. Akamweleza polepole, kwa Kishambaa, tangu ungo mpaka chupa iliyofungwa kwenye kanga.

Tobia alimenya ganda moja, na jingine.

"Kwa hiyo nusu yangu alikuwa anakula Abdallah," alisema.

"Ndiyo."

"Na hata asante hakunipa."

"Hakujua."

"Hata mimi sikujua. Basi hatudaiani." Akatupa maganda kwa mbuzi. "Wanataka kumpasua?"

"Keshokutwa anaondoka."

"Na wewe ukienda kusema, mimi nitarudi kule."

Klara alitaka kusema labda hutarudi, Mungu ni mwema, yako maombi. Yote yalikuja mdomoni, na yote akayaacha. "Nadhani utarudi," alisema.

Tobia alitazama nyumba ya Abdallah ng'ambo ya njegere. Alitazama muda mrefu hivi kwamba Klara aliogopa amesahau walichokuwa wakizungumza.

"Nenda kesho," alisema mwishowe. "Nenda nikiwa bado najua kwamba mimi ndiye niliyekutuma."

Jumatano Klara alipanda gari la kwanza hadi Soni, akabadilisha kwenda Lushoto. Kondakta alimwinua kijana kwenye kiti cha mbele akamkalisha yeye, bila kulitolea hotuba. Chupa zote mbili zilikuwa kwenye kikapu, chini ya njegere alizomletea Loveness, kwa maana huwezi kwenda kuungama mikono mitupu.

Loveness alimwamkia, akapokea kikapu, akaona chupa. Klara akasema yote akiwa amesimama, mikono ameifunga mbele kama mtoto wa shule. Loveness alikitua kikapu sakafuni. Alitoka. Klara alibaki akitazama picha ya ubongo ukutani, akadhani sasa amemkosa yule binti moja kwa moja. Lakini Loveness alirudi na kiti, akamkalisha, akampa kikombe cha chai ya maziwa, na hapo ndipo alipokwenda kumwita daktari.

Daktari Zuberi alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Aliketi, akafungua daftari.

"Tangu lini, bibi?"

"Tangu mwanzo. Miezi sita."

"Mlichanganyaje? Kwa idadi?"

"Kwa ungo. Halafu mafungu mawili."

Aliandika. Kalamu ilikwaruza kwa nguvu, na Klara aliona shingo yake imekakamaa kwa hasira, lakini hakuitoa. Aliandika ukurasa mzima kabla ya kuinua macho.

"Kwa nini?"

Klara akamweleza ng'ombe, maini yaliyokatwa kama kucha, mtu anayegeuka kutazama kando. Alieleza yote kwa utaratibu, kwa sababu aliona daktari anataka kuelewa kweli. Alipomaliza, daktari alikaa akiitazama kalamu yake.

"Tumewapima damu," alisema. "Tumewapima kumbukumbu, tumehesabu vidonge kila mwezi. Sikuwahi kuwauliza mnagawana vipi nyama. Na mimi ni mtu wa Mlalo. Kwetu tunafanya hivyo hivyo."

Loveness, aliyekuwa mlangoni, alitazama chini.

"Abdallah haendi kesho," daktari akaendelea. "Tutamfuata tumwangalie hapa. Kama ni dawa, tumeiacha mapema, ini litajitengeneza. Maini ya watu hayafanani. Lake halikuiweza hata nusu. Na leo hii nitawaandikia wenzetu wa vituo vingine, wawapime wazee wote maini yao. Kama usingekuja, tungeandika kwamba dawa hii haina neno na ini."

"Na Tobia?"

Alijua jibu. Alilitaka litamkwe na mwenye kulitamka.

"Tobia tutampima damu kesho. Tutaendelea kumwona, na tutampa msaada mwingine wowote tulio nao. Lakini kidonge hiki hakitatoka tena mkononi mwangu kwenda kwake. Siruhusiwi, bibi. Na hata ningeruhusiwa, leo nisingethubutu."

"Kilikuwa kinamsaidia."

"Inawezekana. Siwezi kukuambia ndiyo, kwa mzee mmoja aliyekula nusu. Ningependa kukuambia ndiyo."

Klara alimaliza chai yake kwa sababu imepikwa na mtu. Akaziweka chupa mezani, zote mbili, na kukiinua kikapu. Loveness alimsindikiza hadi stendi. Njiani hawakuzungumza habari ya vidonge. Loveness alimuuliza njegere zile zinapikwa na nazi au bila nazi, na Klara akamwambia bila, kitunguu tu na moto mdogo.

Amina alikuwa akingoja kwenye njia, jioni, Klara alipowasili.

"Umesema," Amina alisema.

"Nimesema."

"Nani alikutuma? Mimi nilikuambia nimemaliza."

"Tobia alinituma."

Amina alikaa chini kwenye ukingo wa njia, kwenye nyasi zenye umande, mwanamke ambaye maisha yake yote hakuwahi kukaa chini bila kutandika kitu. Klara alikaa karibu naye. Walikaa mpaka mbuzi wa jirani wakapita, na mchungaji wao akawaamkia, na wakaitikia kwa pamoja.

Ini la Tobia lilikutwa zima. La Abdallah lilichukua wiki saba. Kwanza hamu ya chakula ilirudi, kisha usingizi, mwisho macho yakawa meupe. Loveness alileta habari kwamba katika vituo vingine wamewapata wazee wanne ambao damu zao zilikuwa zimeanza kuharibika bila dalili ya nje, wakaachishwa kwa wakati. Utafiti ulisimama mwezi mmoja, kisha ukaendelea, na sasa kila mzee hupimwa ini kila wiki mbili. Dada yake Scholastica hakuwa miongoni mwa wanne hao. Klara hakujua kama afurahi kwa sababu ini lake ni zima, au asikitike kwamba labda anakula chaki.

Sasa Loveness, akiwapa watu chupa, huwauliza kama kuna jirani yao aliye na chupa kama hiyo.

Tobia alirudi nyuma kwa mpangilio. Kwanza vilipotea vile alivyovipata mwisho. Maharage hakuyasema tena. Wimbo alibaki na ubeti mmoja. Mwezi wa kumi na moja alianza kutoka na ndoo, na Klara akawa anatoka naye, amebeba ndoo ya pili, wakingoja foleni pamoja kwa muda wa kutosha, kisha akimwambia bomba limekauka leo, turudi. Hakumwambia hata mara moja kwamba bomba halipo. Alikuwa amejifunza kwa yule kijana wa bodaboda.

Abdallah alikuja kila siku baada ya alasiri. Alikuwa ameelezwa yaliyotokea, akayasahau, akaelezwa tena, na kila alipoelezwa alivuka njegere kuja kumshukuru Tobia upya, na Tobia alimuuliza kwa kitu gani.

Siku moja Tobia alimtazama akiingia uani, uso ukamchangamka.

"Nikodemo," akasema. "Umechelewa."

Nikodemo alikuwa mdogo wake, aliyekufa kwa surua akiwa na miaka tisa.

"Mimi ni Abdallah, mwenzangu."

Uso wa Tobia ulififia. Alitazama mlangoni kama mtu anayemngoja mwingine aingie. Abdallah alimgeukia Klara, na Klara akaenda kuwachemshia chai.

Kesho yake alikuja tena saa ileile, fimbo mkononi, kofia imekaa sawa. Tobia aliinua macho.

"Nikodemo. Umekula?"

Abdallah alivuta kigoda, akakaa karibu naye mpaka magoti yao yakagusana.

"Nimekula, kaka," alisema. "Nimekuja tukae."